Mwaka mmoja na rangi ya unga kwenye jigi zangu za risasi

Navua kwa mshipi hapa Tanga tangu niko shule ya msingi, na kwa miaka mitano hivi najimwagia mwenyewe jigi, yaani chambo bandia cha madini ya risasi chenye ndoana. Risasi naokota kwa mafundi matairi, zile za kubalansi magurudumu, na kalibu ya alumini nilichongewa. Kumwaga hakujawahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni rangi.

Nimepaka rangi ya mafuta. Nimepaka spreya ya magari. Nimeiba rangi ya kucha ya mke wangu. Zote zinapendeza zikiwa nyumbani, lakini jigi ikigonga mwamba mara tatu nje ya kisiwa cha Yambe inarudi mkononi imebakia risasi tupu upande mzima, kama embe lililotafunwa na popo.

Mwaka jana shemeji yangu aliyeko Marekani alipokuwa anakuja likizo nikamwagiza makopo mawili ya rangi ya unga, ile inayotengenezwa maalumu kwa jigi: moja jeupe, moja la kijani-njano ile inayowaka. Aliniambia dola saba kila moja. Nilipoyaona nikahisi nimepigwa, maana kopo ni aunsi 2, gramu 57, dogo kama la dawa ya kuchua. Leo nimeshapaka jigi mia na kitu na lile la kijani halijafika nusu. Hapo nafuta kauli.

Unga huu hauna thina wala harufu. Ni plastiki ya aina ya poliesta iliyosagwa laini kuliko poda ya mtoto. Unabana ndoana kwa plaizi, unapasha moto kichwa cha risasi, unakizungusha ndani ya unga sekunde moja au mbili, unatoa. Ukiupatia moto, unga unayeyuka hapohapo unauona: kwanza unakuwa na vijipele kama ganda la chungwa, kisha unajinyoosha, unang'aa kama kikombe kipya. Nimeshaangalia mara mia na bado sijachoka.

Moto ndio wenyewe. Ukiwa mdogo, unga unakaa kama vumbi na ukipuliza unaondoka. Ukizidi, risasi inabeba unga mwingi mno, halafu chini ya kidevu cha jigi linaning'inia tone ambalo huwezi kulirudisha. Nilianza na mshumaa nikapata masizi, na nyeupe yangu ikawa ya kijivu. Sasa natumia bloa, ile ya mafundi simu inayopuliza hewa ya moto. Jigi ya gramu 30 naihesabia kama sekunde 20, nikiigeuzageuza. Ya gramu 80 inataka subira zaidi. Tundu la kufungia mshipi huwa linaziba, kwa hiyo nalizibua kwa sindano rangi ikiwa bado ya moto. Nikisahau nalitoboa kesho yake kwa hasira.

Jambo ambalo wengi wanaliruka ni kuoka. Jigi ikishang'aa unadhani kazi imekwisha, na mimi nilidhani hivyo. Kundi langu la kwanza sikulioka, nikaenda nalo baharini, nikarudi na magamba. Rangi ilikuwa imeyeyuka tu, haijaiva. Maelekezo ya kopo yanasema nyuzi 350 za Farenhaiti, ambazo ni kama 177 za Selsiasi, kwa dakika 20. Nilinunua oveni ndogo ya mezani ya mtumba, nikatundika jigi kwenye waya zisigusane. Baadaye nikaiweka moja juu ya jiwe nikaipiga nyundo. Risasi ikabonyea, rangi ikabonyea nayo, haikubanduka. Oveni hiyo inakaa banda la nje na haitaingia mkate humo hata siku moja. Risasi ni sumu, na mke wangu ameiandikia "SI YA CHAKULA" kwa maka nyekundu pande tatu.

Nyeupe ilipokaribia kwisha nikaenda kwa jamaa wanaotengeneza madirisha ya alumini. Wao wanapaka unga wa ukoo huohuo, ila kwa bunduki ya umeme na kwenye tanuri kubwa. Waliniuzia kilo nzima ya nyeupe kwa 15,000. Inashika vizuri, na kwa jua la kwetu ni ngumu kweli. Lakini unga wa madirisha ni kwa ajili ya madirisha: una nyeupe, kahawia, nyeusi na kijivu, basi. Halafu ule niliouziwa unataka nyuzi 200 za Selsiasi, na hapo ndipo nilipoumbuka. Siku hiyo risasi ilipungua nikachanganya na lehemu iliyobaki kwenye boksi la vifaa. Risasi yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 327, hivyo sikuwa na wasiwasi. Nilisahau kwamba lehemu ina bati, na risasi ikichanganywa na bati la kutosha inaanza kulegea kwenye nyuzi 183. Nilifungua oveni nikakuta jigi nane zimejinyonga kwenye waya, ndefu kama machozi, rangi imeiva vizuri kabisa juu yake.

Sasa hivi nyeupe ya madirisha ndiyo msingi, naoka, kisha napasha tena na kuchovya ile ya kijani juu. Rangi zinazowaka bila nyeupe chini yake zinafifia, risasi inazifanya ziwe kama maji ya bamia. Macho natia kwa kichwa cha pini na rangi ya kucha (sasa naomba, siibi). Manyoya na nyuzi nafunga mwisho, baada ya oveni.

Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza unyevu. Hewa ya pwani inaugandisha unga, na masika yaliyopita kopo jeupe lilikuwa mabonge matupu. Nilichekecha kwa kichujio cha chai, ambacho nacho kimehamia banda la nje. Pili, ile inayowaka haipendi jua. Jigi moja niliiacha mbele ya boti wiki mbili, ikapauka upande mmoja, upande wa pili mzima.

Kuhusu samaki, sitawadanganya. Kolekole ananipigia nyeupe na kijani sawasawa, chewa hajali kabisa. Nyekundu nimeshaacha kuipaka kwa jigi za kina, kwa sababu ndiyo rangi ya kwanza kupotea majini, na huko chini inaonekana nyeusi tu. Nilicholipia mimi ni jigi kurudi nyumbani na ngozi yake.

Jumamosi iliyopita pale Deep Sea, penye soko la samaki, mzee mmoja aliichukua moja mkononi mwangu, akaikwaruza kwa kucha, akaikwaruza kwa kisu, akatikisa kichwa. Akaniuliza nauza shilingi ngapi. Nikamwonyesha na ya kijani.

"Hiyo baki nayo, mwanangu. Hiyo umepaka kwa ajili ya watu."

Nikamfungia mbili nyeupe.