Albamu ya 1755 ya Moonspell: uzoefu wangu wa kusikiliza metali kwa Kireno

Mimi si mtu wa metali. Nilikulia Mtwara nikisikiliza taarabu na muziki wa dansi kwenye redio ya mjomba wangu, na hadi nilipotimiza miaka 35 hakukuwa na wimbo hata mmoja wa hevi metali niliowahi kuusikiliza mpaka mwisho. Albamu hii niliifikia kwa njia ya lugha. Niliishi Pemba, ile ya kaskazini mwa Msumbiji, kwa miaka minne nikisimamia duka la vipuri vya pikipiki, na Kireno nilijifunzia pale pale kaunta, katika kubishana bei. Kijana mmoja fundi mwenye karakana ng'ambo ya barabara alikuwa akipiga muziki wa kelele kutwa nzima, nami nilikwisha kuuzoea kama nilivyozoea mlio wa mashine yake ya kuchomelea, hadi siku nilipong'amua kwamba yule mwimbaji anayeunguruma alikuwa akitamka maneno ninayoyaelewa, na kwamba alikuwa akiwataja watakatifu. Nilivuka barabara kwenda kuuliza ni nani huyo.

Moonspell ni bendi ya Ureno, na imekuwa ikitumia jina hilo tangu mwaka 1992. Albamu zao mbili za mwanzo, Wolfheart ya 1995 na Irreligious ya 1996, ndizo zilizowaweka miongoni mwa vinara wa metali ya kigothiki, yaani ule mchanganyiko ulioshika kasi Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambamo magitaa mazito na sauti za kukoroma zilikutanishwa na vinanda, kwaya, mwendo wa taratibu na huzuni ya makusudi. Kwa hiyo kuchanganya si jambo geni kwao; muziki wenyewe ulizaliwa ukiwa chotara. Kilichokuwa kigeni katika 1755, iliyotoka Novemba 2017, ni kwamba bendi iliyozoea kuimba kwa Kiingereza iliamua kuimba albamu nzima kwa Kireno, na kuifunga yote kwenye tukio moja la historia ya mji mmoja.

Tukio lenyewe ni tetemeko la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, yapata saa tatu na dakika arobaini asubuhi, wakati makanisa yamejaa watu na mishumaa imewashwa kila altare. Ardhi ilitikisika kwa dakika kadhaa, makuta yakawaangukia waumini, mishumaa ikawasha moto ambao uliendelea kuuteketeza mji kwa siku kadhaa, na wale waliokimbilia ufukweni ili kuwa mbali na majengo wakaona maji yakirudi nyuma, kisha yakaja juu yao kwa wimbi la tsunami. Walikufa makumi ya maelfu ya watu. Hospitali kuu ya kifalme, ambayo nayo iliitwa kwa jina la Watakatifu Wote, iliteketea. Mfalme José wa Kwanza alinusurika, lakini inasimuliwa kwamba tangu siku hiyo hakutaka tena kulala chini ya dari la mawe, akajengewa makao ya mbao katika kilima cha Ajuda. Mtu asiyejua habari hizi ataisikia albamu kama mkusanyiko wa nyimbo kumi za hasira. Anayezijua ataisikia kama asubuhi moja.

Nakala yangu ya CD niliiagiza kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, nami simtaji jina. Ilichukua wiki tisa kufika, kasha likiwa limepasuka pembeni na sahani yenyewe ikiwa na mkwaruzo ambao, kwa bahati mbaya kwangu, ulikaa juu ya wimbo wa sita. Kwa kuwa kifaa pekee nilichonacho cha kusomea CD kimo ndani ya gari langu la zamani, albamu hii nimeisikilizia barabarani zaidi ya mahali pengine popote: nikitoka Mtwara kwenda Lindi, inaisha kabla sijafika Mnazi Mmoja. Nalieleza hili kwa sababu lina uzito katika hukumu yangu. Spika za gari bovu hazisamehe muziki uliojazwa vitu vingi, na huu umejazwa kwelikweli.

Inaanza bila kishindo cha metali. Wimbo wa kwanza, Em Nome do Medo, maana yake ni "Kwa Jina la Hofu", nao ni wimbo ambao bendi ilikwisha kuurekodi katika albamu yao ya mwaka 2012, wakati huo kwa magitaa na dramu. Hapa wameuvua silaha zote hizo wakauacha na okestra na kwaya, ukawa kama maandamano ya kuelekea kanisani. Mwanzoni niliuona ni uvivu, mtu kuanza kitabu kipya kwa ukurasa wa kitabu cha zamani. Nimebadili mawazo. Wimbo unaofuata, ule wenye jina la albamu, unapoingia na magitaa kwa mara ya kwanza, unaelewa kwa nini ulinyimwa kwa dakika zote zile. Katika wimbo huo huo kuna nyuzi za okestra zinazopinda kwa namna ambayo mtu wa pwani hawezi kutoitambua, kwani masikio yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye fidla za taarabu na asili yake ya Kiarabu. Sikuona kwamba wamebandika pambo la kigeni. Lisbon ilikuwa mji wa Waislamu hadi mwaka 1147, na athari hiyo haikufukiwa kabisa.

Wimbo wa tatu ndio ulionifanya ninunue CD. Unaitwa In Tremor Dei, na ndani yake ameshirikishwa Paulo Bragança, mwimbaji wa fado. Kwa asiyeijua, fado ni uimbaji wa Lisbon wa majonzi na kutamani kisichorudi, huimbwa na mtu mmoja mbele ya magitaa machache, na msikilizaji wa taarabu hahitaji kufundishwa namna ya kuusikiliza: sauti inavutwa, inasita, inatetemeshwa mwishoni mwa neno, na watu wanakaa kimya kabisa. Sasa mchukue mwimbaji wa namna hiyo umweke katikati ya dramu zinazopigwa kwa miguu miwili na Fernando Ribeiro, mwimbaji wa Moonspell, anayeunguruma kutoka kooni. Ungetarajia mmoja ammeze mwingine, lakini sivyo ilivyotokea. Ribeiro ni ardhi, Bragança ni mtu aliyesimama juu yake. Sauti yake nyembamba inapopanda haishindani na kelele, bali inapita juu yake kama mtu anayeita jina la ndugu yake ndani ya vumbi. Mara ya kwanza niliposikia mahali hapo nikiwa ndani ya gari nilikuwa Mikindani, pale barabara inapopita kando ya bahari, nikapunguza mwendo bila kukusudia.

Mtu wa historia atapinga, na atakuwa na haki: fado haikuwapo mwaka 1755, ilijitokeza katika karne iliyofuata. Mimi naona kosa hilo ndilo lililowapa wimbo wao bora kuliko zote. Anayelia pale ni Lisbon ya leo inayowalilia waliokufa zamani.

Hapa ndipo ninapoweza kusema ni nini hasa ninachokipenda katika mchanganyiko wa albamu hii. Kila aina ya muziki iliyoletwa, inapofanikiwa, imepewa kazi katika kisa. Kwaya ni kanisa, okestra ni mji wenye fahari yake, fado ni maombolezo, na metali ni tetemeko. Hakuna aliyealikwa kuja kukaa tu. Na gundi yake ni Kireno, ambacho kwa vitamkwa vyake vya puani na silabi zake zinazomezwa kinafaa kuunguruma kuliko nilivyodhani. Sisi wa pwani tuna urithi wetu katika lugha hiyo, tupende tusipende. Meza, bendera, leso, kasha na mvinyo vilitoka kwao. Wataalamu wa lugha hutuambia kwamba hata neno gereza limetokana na igreja, yaani kanisa, na husemwa kwamba lilibadilika maana kwa sababu ya Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo baadaye ilifanywa jela. Neno hilo halikutoka kichwani mwangu nilipokuwa nikisikiliza nyimbo kuhusu watu waliofungiwa na kuta za makanisa yao wenyewe.

Kasoro zipo, na baadhi yake si ndogo. Kuanzia wimbo wa nne hadi wa saba mchanganyiko unageuka kuwa mazoea. Desastre ina mdundo wa kuchangamka unaokaa kichwani, na Abanão, maana yake mtikisiko, ina nguvu, lakini kwaya inaingia pale pale unapoitarajia na okestra inajaza kila pengo, hata nafasi ambazo zingefaa kuachwa wazi. Katika spika zangu gitaa la Ricardo Amorim linazama kabisa mahali fulani, na ni hasara, kwa sababu yule ni mpigaji mwenye melodi. Baadaye niliazima hedifoni nzuri, nikasikia mengi ambayo gari lilinificha, lakini ule msongamano haukuisha. Evento siwezi kuihukumu kwa haki kwa sababu ya ule mkwaruzo. 1 de Novembro ni metali ya kawaida iliyopigwa vizuri.

Lalamiko langu kubwa ni la sauti. Ribeiro ana sauti ya chini, nzito na laini, ambayo niliigundua baadaye katika Extinct, albamu yao ya mwaka 2015, na ndiyo iliyowavutia wengi kwenye metali ya kigothiki. Katika 1755 ameiweka kabatini karibu wakati wote. Naelewa kwamba siku ya maafa si siku ya kubembeleza, ila masikio ya mwanadamu yanahitaji mahali pa kupumzika, na ukali usio na kituo hufika mahali ukakoma kutisha. Mwanangu wa miaka sita, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma, aliniuliza kwa upole, "Baba, huyu mtu anaumwa?" Sikuwa na jibu la haraka.

Kituo hicho kinapatikana mwishoni kabisa. Wimbo wa kumi, Lanterna dos Afogados, haukutungwa na Moonspell. Ni wa bendi ya Brazil, Os Paralamas do Sucesso, waliourekodi mwaka 1989. Jina lake maana yake ni "Taa ya Waliozama". Asili yake ni wimbo wa mapenzi na kungoja, na sikutarajia ungefaa hapa, lakini ukishapita tetemeko, moto na magofu, kitu pekee ambacho bado hakijafika ni bahari, na kwangu ndiyo inayoingia kwa wimbo huu. Ribeiro anashuka kwenye ile sauti yake ya chini, muziki unasogea polepole, na maneno ambayo yaliandikwa na mtu wa nchi nyingine kwa jambo jingine yanageuka kuwa ya mke anayesubiri ufukweni. Kiswahili kingeubeba wimbo huo vizuri sana. Nimejaribu kuutafsiri mara mbili nikashindwa kwenye ubeti wa kwanza.

Kwa aliyezoea metali, albamu hii haihitaji utetezi wangu. Kwa msikilizaji kama nilivyokuwa mimi, ningemshauri asianze mwanzo. Aanze na In Tremor Dei, aende Lanterna dos Afogados, kisha Todos os Santos, wimbo wa tisa, ambao ndio niliousikia kutoka karakana ya Pemba na ambao una kiitikio chepesi kushikika kuliko vyote. Akiona zote tatu hazimgusi, aache, wala asijilazimishe.

Jirani yangu ni mwalimu wa kwaya ya parokia, mtu mzima mwenye masikio makali. Nilimpa CD nikamwomba asikilize huo wimbo wa tisa, naye akausikiliza mara tatu akiwa amekaa ndani ya gari langu, mlango ukiwa wazi, mguu mmoja nje. Aliposhuka akasema, "Hii kwaya, mzee mwenzangu, inaimba kama inayofukuzwa." Akauliza kama kuna mahali inapoimba bila kufukuzwa. Nikamwambia arudi kwenye wimbo wa kwanza, na tangu siku hiyo kasha langu lililopasuka liko kwake.