Diski ya nje ya kuhifadhia nyimbo: kagua tundu la waya kabla ya kitu kingine

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu diski za nyimbo, ukiyachuja, yanabaki neno moja: imekufa. Mama mmoja wa Langoni, hapa Lamu, anayepiga muziki kwenye kupamba ameniandikia kwa uchungu. Diski yake ilinyamaza bibi harusi ameshakaa na wanawake wameshasimama kwa chakacha. Kijana wa Mokowe alikuwa akihamisha nyimbo za marehemu babake kutoka kompyuta kuukuu kwenda laptopu mpya, akafika nusu, diski ikapotea kwenye skrini na haikurudi. Wote wawili waliambiwa na mafundi kwamba diski imeharibika, wanunue nyingine. Nikawaomba wajaribu jambo dogo nitakalolieleza hapa chini, na diski zote mbili zikasoma. Zilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni pale waya unapoingia.

Kwa hivyo sitakuchosha na kasi wala rangi, na ukubwa nitaumaliza sasa hivi. Wimbo wa MP3 wa ubora wa juu kabisa, ule wa kilobiti 320 kwa sekunde, unakula takriban megabaiti 2.4 kwa dakika. Taarabu ya dakika 12 haifiki megabaiti 30. Terabaiti 1 inabeba nyimbo kama hizo zaidi ya 30,000. Hata ukiwa unatoa nyimbo kwenye kanda za zamani na kuziweka kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, ambalo ni megabaiti 10 hivi kwa dakika, bado utaingiza karibu 8,000. Muuzaji akikusukumia terabaiti 4 kwa ajili ya nyimbo, anajitafutia faida yake. Chukua 1, na fedha inayobaki iende kwenye nakala ya pili.

Sasa tundu. Diski nyingi za kuzunguka, zile zenye sahani inayozunguka ndani, zinazouzwa huku zina lile tundu pana, bapa, lenye sehemu mbili, kubwa na ndogo zimekaa ubavu kwa ubavu. Jina lake ni Micro-B, lilikuja na USB 3.0 mwaka 2008. Ndani yake mna pini 10 nyembamba mno, na kinachozishikilia ni risasi kidogo tu ya kuchomelea kwenye ubao wa umeme wa ndani. Waya ukining'inia, au mtoto akiupita kwa mguu, uzito wote unalemea hapo. Likianza kulegea utaliona: diski inasoma ukiielekeza upande huu, ukiigeuza inakatika.

Kwetu Lamu kuna na chumvi. Msumari mpya ukiupigilia ukutani Mkomani, kusi moja tu ikivuma unaona kutu imeshaanza kushuka kwenye chokaa. Hewa ile ile inaingia kwenye tundu la diski. Chukua waya wa bei rahisi uliokaa mwaka mmoja kwenye nyumba inayotazama bahari, uchungulie kichwa chake kwa tochi ya simu. Pembeni bati limekuwa la kahawia, na kwenye pini kuna ukungu wa kijani, kwa sababu dhahabu iliyopakwa juu ya shaba ilikuwa nyembamba na imeshakwisha kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Umeme ukipita hapo unapita kwa taabu. Diski ya kuzunguka inahitaji nguvu ya kutosha ili sahani zake zianze kwenda, ikiikosa inalia ka, ka, ka. Fundi akisikia mlio ule anakuhukumia diski. Badilisha waya kwanza. Jaribu tundu jingine la laptopu. Kisha ndiyo uanze kulia.

Na jambo lenyewe nililowaambia wale wawili ni hili. Ile sehemu kubwa ya tundu la Micro-B inapokea waya wa kawaida wa simu za zamani, ule wa micro-USB uliojaa kwenye madroo yetu. Uchomeke hapo, sehemu ndogo uiache tupu. Mara nyingi diski itaamka, kwa mwendo wa USB 2.0, yaani megabaiti 30 na kitu kwa sekunde. Gigabaiti 200 za nyimbo zitachukua kama saa moja na nusu hadi mbili. Hakikisha ni waya unaopitisha data, maana nyingine zinachaji tu. Ukishaipata, usianze kusikiliza nyimbo. Nakili kila kitu uende nacho mahali pengine siku hiyo hiyo.

Nikizipanga diski kwa kuangalia jambo hili, ya kwanza ni Samsung T7, na sina haja ya kuficha kwamba naipendelea. Ni SSD, haina kinachozunguka wala sindano inayotembea juu ya sahani, na ina uzito wa gramu 58. Tundu lake ni USB-C, dogo, lenye pembe za mviringo, halina juu wala chini, kwa hivyo hakuna kulazimisha waya ulioelekezwa kinyume. Ndani ya boksi mnatakiwa kuwa na waya mbili, mmoja wa USB-C kwa pande zote na mwingine wa kwenda kwenye tundu la USB la kawaida, hivyo laptopu kuukuu na mpya zote zinaihudumia. Waya ukichoka, USB-C nyingine inapatikana popote panapouzwa simu. Angalia tu isiwe ile ya kuchaji, kwa sababu ile itakuburuza kwa mwendo wa USB 2.0.

Anayevuka na boti kila wiki kati ya Mokowe na mjini, au anayepiga muziki Shela uwanjani kwenye mchanga, achukue T7 Shield. Ina ganda la mpira na kiwango cha IP65: vumbi haliingii, na maji ya kurushiwa inayastahimili. Kuzama hapana. Ikitumbukia gatini, imetumbukia. Bei ya SSD hizi inazidi ya diski ya kuzunguka ya ukubwa ule ule, na najua si kidogo. Ila mama anayelipwa kwa muziki wa harusi asinunue kitu kingine. Na SSD yoyote usiitie kabatini miaka bila kuichomeka, kwani chaji inayoshika data inapungua polepole ikikaa bila umeme. Ichomeke kila baada ya miezi michache uifungue usikilize.

Ya pili ni Seagate ya kuzunguka, Expansion au One Touch. Tundu lake ni lile lile la Micro-B ninalolilalamikia, na bado naiweka hapa kwa sababu moja. Ukiifungua ganda, mara nyingi unakuta diski ya kawaida yenye kichomeko cha SATA, kama ile iliyomo ndani ya laptopu, imechomekwa kwenye kipande kidogo cha ubao chenye lile tundu. Tundu likivunjika, fundi anachomoa diski, anaitia kwenye kasha jingine la bei nafuu, na nyimbo zako zinarudi mchana ule ule. Waranti itakufa ukiifungua, hilo lijue. Lakini waranti haijawahi kumrudishia mtu nyimbo, inarudisha diski tupu.

Ya tatu ni WD, Elements na My Passport, pamoja na Toshiba Canvio. Hizi si diski mbaya, zinatulia na zinadumu. Tatizo langu nazo ni kwamba tundu la USB kwa kawaida limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa diski yenyewe. Hakuna SATA ya kuchomoa. Tundu likilegea unahitaji fundi anayejua kuchomelea pini nyembamba kuliko unywele, na huyo Lamu si rahisi kumpata, utapanda basi kwenda Mombasa. Kwa My Passport kuna zaidi: inafunga data kwa siri kwenye ubao wake hata kama hukuweka neno la siri, kwa hivyo kuhamisha sahani au ubao hakukusaidii. Ukiipenda WD, tafuta My Passport Ultra yenye tundu la USB-C, hiyo nitanyamaza.

Flashi ni ya kubebea nyimbo za shughuli ya leo, basi. Memori kadi vivyo hivyo. Google inakupa gigabaiti 15 za bure, ambazo nyimbo zikigawana na picha na barua zako zinajaa upesi. Na nyimbo ulizozishusha ndani ya Boomplay au Spotify si faili unazoweza kuzihamisha, zinafunguka ndani ya programu hiyo tu, kwa hivyo usizihesabu kuwa ni mali iliyohifadhiwa.

Hapa niseme la wauzaji, kwa sababu limenikaa rohoni. Kuna maduka, na si haya ya kisiwani peke yake, yanayofungua boksi, yanatoa waya uliokuja na diski, yanauuza peke yake, kisha yanakutilia waya mwembamba usio na jina. Boksi linafungwa tena kwa gundi safi. Ukiuliza unaambiwa, "Dada, hii ni orijino, chukua tu." Diski ni orijino, ndiyo. Waya si wake, na waya ndio utakaoiua. Wengine wanaongeza bei wakisema ni nauli ya boti, kwa kitu kinachoingia mfuko wa shati. Wengine wanakupa waranti ya mdomo, na siku ukirudi unaambiwa uipeleke Nairobi kwa gharama yako. Kuna na wale wanaouza diski zilizoandikwa terabaiti 16 kwa bei ya flashi. Ndani yake mara nyingi mna memori kadi ndogo iliyodanganywa iseme ni kubwa. Utajaza nyimbo, majina yote utayaona, ukifungua hazilii. Programu ya bure ya H2testw inaufichua uongo huo: inaijaza diski kisha inasoma ilichoandika. Iendeshe ukifika nyumbani, kabla ya wimbo wa kwanza kuingia.

Ila tusiwaonee kwa kila kitu. Wasomaji wengi wananitumia picha ya skrini wakisema wameibiwa kwa sababu diski ya terabaiti 1 inaonyesha gigabaiti 931. Hapo hakuna aliyeibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na idadi ya baiti ni ile ile.

Dukani, basi, sema unataka boksi lifunguliwe mbele yako. Uchomeke waya mwenyewe, uusikie ukikaa, kisha uitikise diski polepole huku unatazama skrini. Ikipotea hata mara moja, irudishe. Muuzaji akikataa usiichomeke, ondoka, umpe bahati mwenzake.

Kuhamisha kwenyewe kuna mambo yanayowaumiza watu. Nakili, usikate na kubandika, maana ukikata na waya ukakatika katikati, faili linaweza kubaki halipo huku wala kule. Baadhi ya diski za dukani zimepangwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows, na Mac inaisoma NTFS bila kuiandikia. Kama nyumba yako ina kompyuta za aina zote mbili, ipange upya kwa exFAT, inayosomeka na kuandikika pande zote mbili, ikiwa bado tupu, kwa kuwa kupanga upya kunafuta kila kilichomo.

Jina la wimbo na la mwimbaji yamo ndani ya faili la MP3 lenyewe, yanasafiri nalo. Orodha ulizozipanga, za kupamba, za maulidi, za usiku wa kuamkia Idi, hazimo. Ziko kwenye faili la maktaba la programu. Mtumiaji wa iTunes atoe kwanza amri ya Consolidate Files ili nyimbo zilizotawanyika zikusanyike, kisha anakili folda nzima ya iTunes, pamoja na faili la maktaba linaloishia na .itl. Kwenye kompyuta mpya ya Windows afungue iTunes huku amebonyeza Shift, achague maktaba hiyo. Kwenye orodha za M3U, yaani faili la maandishi linalotaja kila wimbo ulipo, kama njia ya folda imeandikwa kwa jina la mtumiaji wa kompyuta ya zamani, nyimbo zitaonekana hazipo ilhali zipo. Fungua orodha kwa Notepad, ubadilishe njia hiyo kwa amri moja ya kutafuta na kubadili.

Na kabla ya kuhamisha, sawazisha majina. Ukiwa na Juma Bhalo faili hili na Juma Balo faili lile, kompyuta inahesabu waimbaji wawili, na nusu ya nyimbo zake hutaziona ukimtafuta. Kwa waimbaji wetu wa pwani, ambao kanda zao ziliandikwa kwa mkono na kila mtu kwa tahajia yake, kazi hii inachukua jioni nyingi, na inafaa kila jioni.

Ukimaliza, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, ufungue nyimbo chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Toa diski kwa amri ya kompyuta, usiichomoe tu. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, na waya uutoe kwenye tundu. Nakala ya pili isikae nyumba hiyo hiyo. Moto wa makuti haukupi nafasi ya kutafuta droo. Mpe khaloo Malindi au kaka Mombasa.

Mwenye fedha ya diski moja tu mwezi huu achukue Seagate ya terabaiti 1 na waya wa pili wa kweli, anakili sasa, T7 aiwekee akiba. Na mwenye diski ambayo fundi ameshaizika, anitumie picha ya tundu lake iliyopigwa karibu, kwa mwanga wa tochi, kabla hajaitupa.