Fremu ya alumini yenye shokapu: keria ikae wapi?

Fremu hii imenikasirisha sana. Inang'aa, nyepesi, ina shokapu mbele na nyuma, lakini haina hata tundu moja la kufungia keria. Hata moja! Baiskeli ya kwenda sokoni na bombani isiyo na pa kukaa keria ni ya nini?

Dukani wakaifunga keria ya kubana kwenye nguzo ya siti. Keria za namna hiyo zinahimili kilo 10 hivi, na dumu moja la maji ni kilo 20. Haina miguu ya kuteremsha uzito kwenye ekseli, kwa hiyo kila shimo la barabarani mzigo unaitikisa nguzo kama mtu anayeng'oa kigingi. Masika hayakuisha. Ufa ulianzia kwenye mkato wa klempu ya siti, ukashuka hadi maungio ya bomba la juu.

Kuirudisha, jibu likawa: "Mzee, hii baiskeli si punda." Mbele ya wateja. Mbona siku ya kupokea hela hamkusema?

Na ufa huo haushoneki mtaani. Fremu ya chuma fundi anaichomelea kwa gesi na shaba, kesho unapakia. Alumini inataka mashine yake, kisha fremu nzima ipikwe upya kwenye tanuri. Bila hivyo sehemu iliyopata moto hubaki laini, na ufa hurudi pembeni mwa weldi.

Nikiwa mkweli, kwenye lami, bila mzigo, inakimbia vizuri. Hapana, hata hiyo sifa naiondoa: ukipanda kilima shokapu ya nyuma inabonyea kila unapokanyaga pedeli, nguvu inaishia kwenye springi.

Anayetaka baiskeli ya kazi aende dukani na sumaku. Ikinata, ni chuma. Atazame nyuma: kuna matundu ya miguu ya keria, au ekseli ndefu ya kuibana chini ya nati? Kutoka ekseli inayozungukiwa na pedeli zote mbili hadi ekseli ya nyuma pasipungue sentimita 45, la sivyo kisigino kitagonga dumu. Mkato wa fremu unaoshika ekseli ya nyuma uwe umelala, cheni ikilegea unavuta gurudumu nyuma, basi. Fremu za kizamani za Phoenix zina karibu yote haya. Ni nzito, ndiyo, na mfupi atafute ile yenye bomba la juu lililoteremka.

Pale dukani fremu kama ile bado imetundikwa mlangoni, na keria ya kubana wameshaifunga.