Wameandika "rafiki kwa disleksia", kisha wakafungia maneno ndani ya picha

Kama una kijana wa sekondari mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno usiotokana na upungufu wa akili, na unamfundisha nyumbani, kabla hujalipia mtaala wowote omba sura moja nzima ya sampuli. Ifungue kwenye kompyuta, kisha jaribu kuteua mstari mmoja kwa kipanya. Maneno yakishikika moja moja, endelea na maswali yako mengine. Ukurasa mzima ukigeuka bluu kwa mpigo, achana nao. Mimi kampuni niliyonunua mtaala kwake, huo wanaouita "rafiki kwa disleksia", haikunipa sampuli ya namna hiyo. Nilionyeshwa video zao, ambazo ni nzuri kweli, na muuzaji akanihakikishia kwa maandishi kwamba kila somo linaweza kusomwa kwa sauti na programu ya kompyuta.

Si kweli. Vitabu vyao vyote vya historia na fasihi ni kurasa zilizopigwa skani, yaani ni picha tupu, na programu ya kusoma kwa sauti haina neno la kushika pale. Mwanangu alivaa visikilizio, akabonyeza, sauti ikatamka namba ya ukurasa, ikanyamaza. Akabonyeza tena, namba ya ukurasa. Akaenda ukurasa unaofuata, akatajiwa namba yake. Akavua visikilizio, akaniambia, "Mama, hiki nacho kimenikataa." Kijana huyu alitoka shuleni kwa sababu ya kukataliwa na vitabu, halafu nyumbani namletea kitabu kingine cha kumkataa, tena nimekilipia.

Nilijaribu programu za kugeuza picha kuwa maandishi. Ukurasa wenye safu mbili zinausoma moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo nusu ya sentensi moja inaungana na nusu ya nyingine. Penye jedwali au maelezo ya ramani ni vurugu tupu.

Nikawatafuta huduma kwa wateja. Dada aliyepokea simu alinisikiliza kidogo, akanikatiza. "Mama, maswali na maelekezo yetu yote tumeyaandika kwa fonti maalumu ya disleksia." Nikamwambia, dada yangu, sizungumzii maswali, nazungumzia kitabu chenyewe, na fonti haimsomei mtu. Akanyamaza, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Sasa kijana mkubwa hivyo akisomewa kila kitu, kusoma atajifunza lini?"

Huyu ndiye waliyemweka kuwahudumia wazazi wa watoto wenye disleksia!

Kujifunza kusoma na kujifunza historia ni kazi mbili. Kusoma, mwanangu ana kipindi chake, kwa njia ya Orton-Gillingham: sauti na herufi zake, silabi, tahajia, anatamka huku anaandika, na hatuvuki hatua mpaka ile ya nyuma imekaa. Kwa umri wake sasa tuko kwenye mizizi ya maneno ya Kilatini na Kigiriki, maana maneno marefu ya masomo ya sekondari yamejengwa humo. Anasonga mbele, polepole lakini kwa uhakika, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyesema aache kusoma. Ila historia haiwezi kumngoja mpaka apate kasi. Akipewa sura moja aisome kwa macho, nguvu yote inaishia kwenye kung'ang'ana na maneno, na akifika chini hana kilichobaki cha kufikiria. Sura ileile akiisikiliza, atakueleza sababu za vita, atakuuliza kwa nini mkataba ule ulivunjika, atabishana na wewe.

Wala si jambo lililogunduliwa jana. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika katika jarida la kitabibu habari za mvulana wa miaka 14, mwerevu, aliyeshindwa kusoma pamoja na kufundishwa kwa miaka. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, mvulana huyo angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Zaidi ya miaka mia imepita, kampuni inauza mtaala kwa jina la disleksia na mhudumu wake anaona kusomewa ni kudekezwa.

Na hizo fonti wanazojivunia! Watafiti waliozipima hawakuona watoto wakisoma haraka zaidi au kwa usahihi zaidi kwa sababu ya umbo la herufi. Kilichoonekana kusaidia ni nafasi: utafiti uliochapishwa mwaka 2012, kwa watoto wenye disleksia wa Italia na Ufaransa, ulionyesha kwamba herufi zikiachanishwa zaidi wanasoma vizuri zaidi papo hapo. Hawa wenzetu wameweka fonti ya mapambo, kisha wakabananisha herufi mpaka zinagusana. Majaribio yao nayo yana saa inayohesabu kurudi nyuma, na mzazi hana mahali pa kuiongeza, wakati hata kwenye mitihani rasmi ya Uingereza mtahiniwa mwenye disleksia anaweza kupewa muda wa ziada.

Nilikusudia kuandika nyota moja na kuishia hapo. Lakini lazima niseme kuhusu baiolojia, kwa sababu baiolojia yao ni bora kuliko chochote tulichowahi kutumia. Maandishi yake ni ya kweli, yanateulika, yanasomeka. Kila mada ina video fupi na mchoro unaojengeka kipande kwa kipande. Na jibu la insha unaweza kulirekodi kwa sauti. Mwanangu alirekodi maelezo ya kwa nini seli husinyaa ikiwekwa kwenye maji ya chumvi, akatembea chumba kizima huku anaongea, akaeleza maji yanavyotoka na yanakoelekea, hakukwama hata mara moja. Msahihishaji akamjibu kwa sauti vilevile, akamsifu pale palipostahili na kumkosoa kwamba ameisahau kazi ya utando wa seli. Amemkosoa katika sayansi! Miaka yote hii mwanangu alikuwa anakosolewa tahajia tu. Aliirudia sauti ile mara nyingi.

Kwa hiyo wanajua. Ndani ya kampuni hiyohiyo kuna mtu anayeelewa kabisa kijana wa namna hii anahitaji nini, na chumba cha pili wanapiga kurasa skani. Nikifikiria hivyo hasira inanipanda upya, maana hawawezi hata kusingizia kutojua.

Wamekubali kurudisha fedha za historia na fasihi, baada ya barua pepe nyingi. Hakuna aliyeomba radhi kwa yale maneno. Vitabu vya masomo hayo sasa tunavitafuta Bookshare, maktaba ya kidijitali inayowapokea pia wenye disleksia, na programu ya sauti inavisoma bila shida yoyote.

Baiolojia tunabaki nayo, na mwakani nitanunua kemia yao endapo watanitumia sura nzima niijaribu kwanza. Kwa mzazi anayetaka sayansi peke yake, nyota nne. Kwa anayetaka mtaala wote kama wanavyoutangaza, moja. Mfumo unanilazimisha kuchagua namba moja tu, nimeweka mbili.