Kikaangio cha kahawa cha "nusu kilo", mi nakaangia robo tu

Jamani hiki kikaangio cha kuzungusha kwa mkono, kile cha ngoma ya chuma unakiweka juu ya jiko la gesi, ninacho mwezi wa nne sasa hapa Mtwara mjini na watu wananiuliza kila siku kama kinafaa. Kinafaa. Ila ile "500 g" iliyoandikwa ubavuni iliniponza.

Siku ya kwanza nikajaza nusu kilo ya buni ya Mbinga, si nimezoea kukaanga korosho bwana nikajua ni yale yale. Nikazungusha mpaka bega likafa ganzi, dakika ya 19 ndo nasikia buni ya kwanza inapasuka pa! Kumwaga kwenye ungo nakuta nyingine nyeusi tii nyingine rangi ya karanga. Nikapeleka kidogo kijiweni, mzee mmoja akapiga funda akanitazama, "Mwanangu, hii umeikaanga au umeianika?" Na kweli ilikuwa imepooza, harufu hakuna, kama unakunywa maji ya mkate mkavu. Ngoma ikijaa buni hazirukiruki, zinasukumana tu, na moto wa jiko dogo hauzitoshi, kwa hiyo kahawa inajipikia taratibu inadoda.

Basi nikageuza, gramu 100. Balaa jingine! Buni chache, chuma cha moto, dakika ya 5 zishaanza kupasuka tena kwa sauti ndogo mpaka utege sikio, ukizikata ncha zimeungua, ndani bado mbichi. Ule uchungu wa kuungua sio uchungu wa kahawa, mnywaji anajua.

Nikawa napanda, 200, 250, 300, naandika nyuma ya daftari la mtoto. 250 ndo penyewe: inaanza kupasuka dakika ya 9, naepua ya 11 na nusu, napepeta haraka mbele ya feni maana ukiiacha ndani ya ngoma inaendelea kuiva hata kama gesi umezima. Inatoka rangi moja safi. 300 nayo inaenda, ila siku ya kusi moto unalala upande mmoja inabidi uzibe kwa bati. Halafu jueni inapungua uzito, mi 250 inanirudishia kama 212, ukitaka robo kamili ya kunywa anza na hiyo 300.

Kuna wanaosema robo ni kazi bure, bora ukaange nyingi upumzike. Kwa joto letu na unyevu huu wa bahari? Buni mbichi inakaa miezi ukiitunza pakavu, ila ikishakaangwa mi baada ya wiki mbili naona harufu ishaanza kukimbia. Bora nikaange Jumatano na Jumapili, ikae siku moja ndo niitwange.

Kero ni yale maganda membamba, yanaruka kama majivu, jirani yangu alianua nguo zake bila kunisemesha siku nzima, siku hizi nakaanga asubuhi kabla hajafua. Na mpini umeshalegea, nimeufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kazi inaendelea.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya lile andiko la ubavuni.