Lukmaan mchana, Forodhani usiku: uzoefu wangu wa kula Unguja na ukoo mzima

Ukitoka wawili kwenda kula, mgahawa wowote wenye chakula kitamu unatosha. Mkiwa bibi, wajukuu, shangazi, wifi, shemeji na marafiki waliodandia safari, mambo ni mengine kabisa. Mimi nikitaka kuwapeleka watu wangu mahali nauliza hivi: kila mtu ataona chakula chake kabla ya kuagiza? Na tutakula sote kwa wakati mmoja? Mandhari, viti vya kunesanesa na taa za rangi nitaviangalia baadaye. Kwa maswali hayo, mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini, Mji Mkongwe, ndio bora kuliko yote niliyowahi kupeleka familia.

Msafara wetu ulikuwa hivi. Mama yangu ni mtu mzima, ana sukari, wali anakula kidogo. Shangazi ameapa tangu ujana kwamba pweza hataingia mdomoni mwake. Wifi akila kamba anavimba midomo. Watoto, kwao ni kuku na chipsi asubuhi hadi jioni. Rafiki wa mume wangu na mkewe wametoka Moshi, wamezoea ndizi na nyama, na nazi kwao ni kitu cha kuonja kwa tahadhari. Walishe watu hawa wote kutoka jiko moja, kisha wote waondoke wamefurahi. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo.

Tulivuka kwa boti ya asubuhi kutoka Dar, na siku hiyo ya kwanza tulikula kwenye hoteli moja ya ufukweni ambayo sitaitaja. Bahari ilikuwa pale pale, kitambaa cha meza cheupe, menyu nene ya Kiingereza kitupu. Mama aliifungua, akaifunga, akasema, "Nyie niagizieni tu." Sentensi hiyo iliniuma. Mama ndiye aliyetufundisha kula, na sasa yuko mezani anaagiziwa kama mgeni. Kisha vyakula vikaanza kuja kimoja kimoja. Mume wangu alipata samaki wake akakaa anamtazama anapoa, kwa sababu kwetu huwezi kuanza kula mama hajaletewa. Chipsi za watoto zilifika wakati wakubwa wameshamaliza na watoto wenyewe wamelala mapajani. Bili ilipokuja iliongezewa gharama ya huduma, na hakuna aliyekuwa ametuambia mwanzoni. Chakula chenyewe hakikuwa kibaya. Lakini hatukula pamoja, na ndicho tulichokuwa tumekifuata.

Kesho yake asubuhi tuliwapeleka watoto kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, lile lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, zama za Sultani Barghash. Watoto walishuka kwenye vile vyumba vya chini vinavyosemekana watumwa walifungiwa humo, dari imeinama, mwanga haba, wakatoka kimya. Kijana wangu mkubwa alikuwa na maswali mengi na hakujua aanzie wapi. Lukmaan haiko mbali na hapo, mnatembea tu kwa miguu. Ukipotea uliza ulipo mbuyu, kila mtu anaujua. Mti ni mkubwa, na watu wanakula karibu na kivuli chake.

Sasa nieleze pale mnavyoagiza, maana ndio moyo wa maneno yangu yote. Vyakula vimepangwa kaunta, umesimama unavitazama: mchuzi huu, wali ule, samaki wale, mboga zile. Unanyoosha kidole, unauliza, unapakuliwa mbele ya macho yako. Mama alisogea mbele yetu sote. Kijana wa kaunta akamwambia, "Shikamoo bi mkubwa. Karibu. Nikupakulie kipi?"

"Marahaba mwanangu. Kile cheupe kile ni nini?"

"Pweza wa nazi huyo, bi mkubwa."

"Na pale pembeni?"

"Mchicha. Na maharage ya nazi haya hapa."

"Basi nipe mchicha mwingi, samaki kipande kimoja, wali kidogo sana. Nina sukari."

Kijana akapakua wali, akaangalia uso wake, akapunguza bila kuambiwa. Mama akatikisa kichwa kukubali. Hakuna menyu duniani ingeweza kumfanyia hivyo.

Wifi aliuliza kila sufuria kama limepitiwa na kamba, akajibiwa moja baada ya jingine, na kwa macho yake akaona kamba wako wapi na kijiko chao kiko wapi. Mtu mwenye mzio anajua thamani ya jambo hilo. Watoto walipata kuku. Wageni wetu wa Moshi walichukua biriani, kwa sababu nyama waliiona na nazi hawakuiona.

Biriani ile nataka niizungumzie. Kwetu Dar mara nyingi unauziwa wali wa rangi uliomwagiwa mchuzi, ukaitwa biriani. Ya pale masala yake yalipikwa kwa subira: vitunguu vilikaangwa hadi vikawa vya kahawia, mtindi umeshika, nyama inaachia mfupa, na wali umekaa juu peke yake, punje moja moja, na harufu ya hiliki. Rafiki yetu alimaliza akaifuta sahani kwa kipande cha chapati. Mkewe alimtazama kwa mshangao, kisha naye akaomba chapati.

Mimi nilichukua pweza. Pweza ni mtihani wa mpishi wa pwani. Lazima apondwe vizuri, achemke kwanza kwa maji yake mwenyewe hadi alainike, ndipo tui liingie. Ukiharakisha utatafuna hadi taya zichoke. Huyu alikatika kwa kidole. Tui lilikuwa zito, limekolea ndimu na bizari, halikukatika wala halikuelea mafuta. Nikamwomba shangazi aonje tu ncha ya mkono mmoja wa pweza. Alikataa, akakataa tena, halafu wakati ninaongea na watoto nikaona kipande kimepungua kwenye sahani yangu. Sikumuuliza.

Jambo jingine kuhusu pweza, kwa kuwa watu wengi wanamla bila kujua anatoka wapi. Kazi ya kumvua pwani inafanywa na wanawake wengi, wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali na mwamba ukibaki wazi. Kuna vijiji vinavyofunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, Kisiwa Panza kule Pemba ni mfano, halafu siku ya kufungua kijiji kizima kinashuka baharini. Ninapolipia bakuli la pweza nafurahi nikikumbuka mikono iliyomtoa kwenye jabali.

Tulikaa, sahani zote zikawa mezani kwa pamoja. Tukanawa, mama akasema bismillahi, wageni wetu wakafanya ishara ya msalaba, tukala. Hapo ndipo kijana wangu alipopata pa kuanzia. Aliuliza wale watu wa kwenye vyumba vya chini walikuwa wanakula nini, na nani alikuwa anawapa. Meza nzima ikanyamaza kidogo, kisha mama akaanza kumjibu, taratibu, kwa aliyoyasikia kwa bibi yake. Shemeji akaongeza, rafiki yetu akaongeza ya upande wa bara, misafara ilikopita. Mazungumzo yale yalihitaji watu wote wawe wamekaa, sahani zao ziko mbele yao, hakuna anayegeukageuka kumtafuta mhudumu.

Kuhusu pesa: tulikula sote tukashiba, tukanywa juisi ya ukwaju ya baridi, na jumla ilikuwa chini sana ya tulichoacha ufukweni jana yake. Beba pesa taslimu. Na kabla ya kutoka nyumbani malizeni suala la nani analipa. Sisi kila familia ilichanga mapema, mfuko ukakaa kwa wifi, mama na shangazi hawakuchangishwa. Hivyo hakukuwa na kunyang'anyana bili mbele ya watoto, wala mgeni kujiona mzigo. Ninawashauri sana watu wanaotoka kwa makundi wafanye hivyo, kwa sababu nimeona urafiki wa miaka ukipata ufa kwa ajili ya bili moja ya chakula cha jioni.

Pombe haiuzwi pale, kwa hiyo wanaotaka bia wajue mapema. Mavazi, jisitirini mabega na magoti. Ni mtaa wa watu wanaoishi na kusali. Mwezi wa Ramadhani mchana migahawa mingi ya Unguja inafungwa, panga safari yako ukijua hilo.

Usiku tulikwenda Forodhani. Hapa si mgahawa, ni bustani mbele ya bahari, lakini kwa familia nauhesabu kuwa ukumbi mkubwa wa kulia usio na paa. Bustani ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, na ukikaa pale una Ngome Kongwe nyuma yako na Beit al Ajaib ubavuni, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mama aliwahi kuliona likiwa zima. Alisimama akalitazama muda mrefu kabla hajakubali kukaa.

Magharibi ikishaingia, majiko yanawaka. Moshi wa mishikaki, taa juu ya meza za samaki, wauza maji ya mua wakisukuma gurudumu la mashine na kuingiza ndimu na tangawizi katikati ya miwa. Watoto walihamia kwa mpishi wa pizza ya Kizanzibari. Anakunjua donge la unga hadi linakuwa jembamba kabisa, anaweka nyama ya kusaga, vitunguu, hoho, yai na jibini, anafunga bahasha, anakaanga kwenye chuma. Kwa watoto alitengeneza ya ndizi na chokoleti. Walisimama pale wanamtazama mikono, hakuna aliyekumbuka simu. Ni kanuni ile ile ya mchana: chakula kinapikwa mbele yako, na mtoto anayeona chakula chake kikipikwa anakila.

Forodhani kuna ya kuangalia. Uliza bei kabla kitu hakijawekwa motoni, na uliza ya kila kijiti, si ya sahani. Samaki na kamba waliopangwa mezani kwa urembo wanaweza kuwa wamekaa muda. Mimi huchagua meza yenye wenyeji wengi, ambako vitu havikai, na naomba kipande kipashwe vizuri hadi ndani. Wageni hupenda kujaza sahani moja ya kila kitu. Familia ifanye kinyume: agizeni kidogo hapa, gawaneni, sogeeni kwingine. Wazee watafutieni benchi kwanza, wawe na kituo, wengine mwende na kurudi na vyakula.

Urojo tulikula bakuli kadhaa. Supu nzito ya manjano, uchachu wa embe na ndimu, humo ndani badia, kachori, viazi, vipande vya mishikaki, juu chipsi za muhogo na chatne ya nazi na pilipili. Mama alikula wake wote. Ila kwa maoni yangu urojo wa vichochoroni saa kumi jioni, kwa akina mama wanaoupika nyumbani na kuutoa mlangoni, unaupita wa Forodhani kwa mbali. Ule una uchachu unaokufanya ufumbe jicho moja. Ukipata mwenyeji wa kukupeleka, nenda.

Kama ni mara yenu ya kwanza na mna watu wa rika zote, mchana anzieni Lukmaan, na mfike kabla ya adhuhuri ili mpate meza za kuunganisha. Ijumaa wahini zaidi, maana watu wakitoka msikitini kunajaa. Mpelekeni mzee wenu kaunta awe wa kwanza, msimwagizie. Anayeogopa nazi apewe biriani. Anayekula kila kitu achukue pweza na wali mweupe, na aombe kipande cha ndimu pembeni.