Nimemsaidia dogo kuomba ajira ya Magereza kupitia steshenari mbili hapa Mbeya, moja nyota 1 nyingine nyota 4

Wadau habari zenu, naandika hii maana najua nafasi za Magereza zikitangazwa tu kila steshenari inabandika karatasi mlangoni "TUNATUMA MAOMBI YA AJIRA" na vijana wanajaa kama foleni ya sukari. Na mimi na mdogo wangu tulikuwemo humo.

Dogo ana kidato cha nne na cheti cha VETA cha useremala. Jirani yetu mmoja mzee ni askari magereza mstaafu, mtaani mpaka leo wanamwita Bwana Jela na wala hakasiriki, ndo alitushauri. Akatuambia msidhani kule ni kushika funguo na bunduki tu, gereza lina karakana, lina mashamba, lina mifugo, wafungwa wanafundishwa ufundi kwahiyo na fundi anahitajika, cheti cha VETA msikiache nyumbani. Kumbukeni hilo la VETA.

Steshenari ya kwanza ipo karibu na stendi, sitaitaja. Bei elfu kumi. Kijana wa pale ana spidi hiyo, anachati huku anatype, akachukua namba ya NIDA ya dogo, ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20, akachukua cheti cha kuzaliwa na cha form four akaskani, akauliza una imeili, dogo akasema sina, akamfungulia hapo hapo. Dakika ishirini tu, "tayari nimetuma, subirini meseji". Hatukupewa karatasi wala risiti, hata paswedi hatukupewa. Na mimi mtu mzima nimesimama pale nikaona sawa tu, elfu kumi imeondoka tukaenda kula chipsi.

Jioni Bwana Jela anauliza, barua ya maombi aliandika kwa mkono? Maana tangazo lilisema barua iandikwe kwa mwandiko wa mwombaji mwenyewe. Tukaangaliana. Kumbe yule kijana alikuwa na barua yake moja kwenye kompyuta anabadilisha jina tu anaprinti anaweka. Shikamoo steshenari!

Zilikuwa zimebaki siku tatu dirisha lifungwe. Kesho yake tumerudi, kijana hayupo, yupo mdada anasema yeye anahusika na fotokopi tu. Tukajaribu wenyewe kuingia kwenye akaunti ya maombi kwa simu, bonyeza umesahau paswedi, ujumbe unaenda kwenye imeili, ingia kwenye imeili nayo inataka kodi ya uthibitisho iliyotumwa kwenye namba ya simu inayoishia na 71. Dogo hana namba inayoishia na 71!! Imeili ya dogo imefunguliwa kwa namba ya yule kijana wa steshenari. Hebu fikiria dogo anaitwa kwenye usaili na ujumbe unaingia kwa mtu ambaye siku hiyo ametuma maombi ya watu arobaini, atamkumbuka nani?

Tulimpata saa kumi jioni, kumbuka nimeomba ruhusa kazini, akatoa kodi huku amenuna kama sisi ndo tumemkosea. Kuingia kwenye akaunti tunakuta maombi hayajatumwa, yameishia kwenye kuambatanisha vyeti, na VETA haimo kabisa. Hapo nilitamani karandinga lipite limchukue.

Steshenari ya pili ni kachumba kadogo kwenye njia ya kwenda uwanja wa Sokoine, mwenyewe ni mama mmoja shabiki wa Tanzania Prisons, timu ya mpira ya Magereza wanayoiita Wajelajela, ameweka na skafu ukutani, anasema ukiomba kazi Magereza halafu hushabikii Wajelajela utafeli usaili haha. Huyu mama hajazi fomu ya mtu. Anakuskania vyeti vyote kwa elfu mbili, anavipunguza saizi ili mfumo usivikatae, anakuwekea kwenye simu yako, halafu anakwambia kaa pale kwenye benchi jaza mwenyewe, ukikwama niite. Dogo akaandika barua kwa mkono pale pale, ya kwanza akaharibu, ya pili ikatoka safi. Imeili mpya, namba yake mwenyewe. Mama akagundua na jambo jingine, jina la katikati kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa kwa R na kwenye cheti cha shule kwa L. Sisi Wanyakyusa hizo herufi mnatujua, na kosa ni letu tulijaza fomu kwa jinsi tunavyotamka, ikabidi asubuhi tukimbie kwa wakili kupata hati ya kiapo. Kutuma kwenyewe kwenye mfumo hakulipiwi kitu, gharama yote ilikuwa skani na bando na huo muhuri wa wakili.

Kwanini nyota 4 na sio 5, umeme ukikatika hana jenereta tukakaa saa nzima, halafu anaongea mno mpaka unasahau ulikuwa unajaza wapi.

Kwa wanaojiandaa, someni tangazo lote mpaka mwisho, umri una ukomo wake kulingana na elimu, na wanakataa tattoo, na sharti la kutooa na kutokuwa na mtoto lipo, usije ukalikuta umeshalipa elfu kumi ya watu. Wakipita usaili mafunzo ya awali ni kule chuo cha Kiwira, Tukuyu, na mimi nimekulia huko, mvua na ubaridi wake sio wa mchezo, dogo nimeshamwambia kwata ya saa kumi na moja alfajiri kwenye ule ukungu ajiandae kisaikolojia.

Kwa sasa maombi yanaonyesha yamepokelewa, tumepiga picha skrini, dogo anakimbia kila asubuhi na Bwana Jela anamhesabia pushapu barazani. Mama wa skafu anafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hafungui, na siku Prisons wakicheza nyumbani msiende baada ya saa nane mchana maana hamtamkuta.